Uzio Usio na Misumari

Majirani wa mtaa wa New Site walihesabu mabegi. Bodaboda iliposimama mbele ya kibanda cha Nyandeng na mwanamume mrefu mwenye mvi akateremka, Scovia wa kioski cha ng'ambo ya njia alitoka nje na kikombe cha kupimia sukari mkononi. Alitazama mgongoni mwa mgeni, akatazama mbele kwenye tangi la pikipiki, kisha akarudi ndani. Begi lilikuwa moja.

Jioni alikuja kusalimia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akanywa chai yote, halafu akauliza kile kilichomleta.

"Mama Poni, mzigo ingine iko nakuja lini?"

"Mzigo gani?"

"Ya Baba Poni. Mtu ya Norwei hawezi kuja na kabegi moja kama mtu iko natoka msibani."

"Uko njiani," Nyandeng alisema.

Hakuna kilichokuwa njiani, na yeye, Scovia na mgeni aliyekaa kando walijua wote. Lakini Nyandeng alikuwa mzoefu wa kujibu hivyo. Miaka kumi na mitano aliwaambia watu kwamba mumewe, Sebit, ni fundi mkubwa Ulaya, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua mumewe alikuwa nani huko. Miaka ya mwanzo pesa zilikuja kidogo kidogo, zikalipa ada ya binti yao Poni. Kisha zikakoma, na simu nazo zikawa za kubahatisha. Mwishowe ikaja ile sauti ya mbali ikisema kwamba makaratasi yamekataliwa mara ya mwisho, anarudi nyumbani.

Poni, aliyeachwa akiwa na mwaka mmoja na sasa ana miaka kumi na sita, alimletea baba yake ugali wa asida na mchuzi wa bamia. Sebit aliponyoosha mkono wa kulia kupokea sahani, Nyandeng aliona. Vidole vitatu havikuwa na ncha. Viliishia kwenye kiungo cha kwanza, vimefumba kama midomo ya mifuko.

"Ni nini hii?"

"Baridi."

"Baridi ilikukata vidole?"

"Ilikula. Nililala nje siku mbili." Akashika tonge kwa kidole gumba na kidole cha mwisho, akala.

* * *

Siku ya tisa tangu arudi, karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa kila kibanda upande ule wa makazi. Ilikuwa kwa Kiingereza. Poni aliisoma akiwa amesimama, na mama yake akamfanya airudie. Kila kiwanja kisicho na uzio ndani ya siku kumi na nne kitarudi mikononi mwa ofisi ya viwanja na kugawiwa upya.

Kugawiwa nani, hakuna aliyeuliza. Viwanja vitatu vya upande wa kushoto vilikuwa tayari vya Majur, mtu wa gari jeupe, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha mjane aliyehamia kwa ndugu zake bila hata kuaga. Cha Nyandeng kilikuwa cha kona, penye njia mbili. Alikipata waliporudi kutoka kambi ya Kakuma, yeye na mtoto, na akakiandikisha kwa jina la mumewe kwa kuwa karani aliuliza jina la mwanamume.

Kesho yake Nyandeng aliacha mapema majiko yake ya kuuzia chai huko Malakia, akaenda soko la Konyo Konyo kuuliza bei ya mabati. Faida ya wiki nzima ya chai ingenunua bati moja. Kiwanja kilihitaji arobaini, na mbao, na misumari. Aliuliza kwenye duka la kwanza, la pili na la tatu, akitumaini bei itapungua kwa kutembea. Kwenye la tatu muuzaji alimtazama miguu, viatu vyake vya mpira vilivyoshonwa kwa waya, akasema bila ubaya wowote, "Mama, wewe unauliza au unanunua?"

"Nauliza."

"Basi sogea kidogo, huyu ananunua."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Sebit alikuwa ameketi kivulini akichonga kijiti, na kukuta mwanamume amekaa akichonga kijiti, siku kama hiyo, kulimchemsha damu kabla hajafika.

"Misumari si lazima," Sebit alisema aliposikia bei. "Hata mabati. Mimi iko najua kazi moja. Unachukua mti mdogo, mbichi, unausokota mpaka unakuwa kamba. Unafunga nguzo na fito. Ukikauka unakaza kama chuma. Kule wanaita vidye."

Nyandeng aliweka chini birika lake.

"Hiyo ndiyo ulisomea?"

"Sikusoma. Nilifundishwa na mzee mmoja wa kule."

"Miaka kumi na mitano! Watu walienda Kampala tu, miaka miwili, wakarudi na lori. Wewe umetoka mwisho wa dunia umeniletea kusokota vijiti? Hata nyanya yangu alikuwa anafunga fito, Sebit, na hakupanda ndege!"

Kiswahili cha nyumba ile kilikuwa na miguu miwili: yeye alikitoa Kakuma, mumewe alikitoa kambi ya Adjumani, na ndicho kilichowaoanisha kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenziwe. Ugomvi wao kwa hiyo ulieleweka mtaa mzima. Kufikia asubuhi watoto wa njia ile walikuwa wamempa Sebit jina. Kila alipopita kwenda kuchota maji walisema, "Vidye! Vidye!" naye aliitika kwa kuinua mkono, ule wenye vidole.

* * *

Siku ya nne ya zile kumi na nne, Nyandeng alimkuta mumewe nyuma ya kibanda amezungukwa na matawi ya mwarobaini yaliyovunjika. Alikuwa anajaribu kusokota tawi kwa kulibana kwapani, na jasho lilikuwa limeloanisha shati lote. Tawi likakatika kama biskuti. Akaokota jingine.

Alisimama akimtazama mpaka matawi matatu yakakatika. Hasira ilikuwepo bado, ila sasa haikuwa na mahali pa kukaa.

"Huyo mzee aliyekufundisha," aliuliza, "alikulipa?"

"Haikuruhusiwa. Mimi sikuwa na kibali cha kazi. Nilikaa kwenye nyumba ya wakimbizi miaka mingi, natazama dirisha. Shamba lake lilikuwa karibu. Alisema, kukulipa ni kosa, kukufundisha si kosa." Sebit alitupa kipande alichokuwa nacho. "Kule walitumia mti mmoja wa gome jeupe. Huu wa hapa ni mkavu ndani. Na mkono wangu hauwezi tena, Mama Poni. Kichwa najua. Mkono hauwezi."

Nyandeng alikaa chini.

"Nionyeshe," alisema.

Walikwenda wote watatu kwenye mkondo mkavu ulio nyuma ya makazi, ambako mvua mbili za kwanza zilikuwa zimepita na vichaka vimeanza kuchipua. Walijaribu mti huu na ule. Ni Nyandeng aliyekumbuka mkole, kwa kuwa utotoni walichapwa nao, na fimbo ya mkole haivunjiki mgongoni.

"Usikate kwanza," Sebit alimwambia. "Ukikata huna pa kushikilia. Acha mzizi ukushikie. Toa majani. Sasa anza juu kwenye ncha, sokota, teremka polepole."

Alisokota. Chipukizi likapasuka gome, likakatika.

"Wewe iko navunja. Mimi nasema sokota."

"Ninasokota!"

"Unalipiga. Sikiliza nyuzi. Zikilia kidogo kidogo, sawa. Zikilia mara moja, umeua."

La pili lilikatika, na la tano, na la kumi. Jua lilisogea. Poni alipata kabla ya mama yake; chipukizi moja, nene kama kidole, liligeuka mikononi mwake kutoka ncha hadi shina, gome likachanika na nyuzi nyeupe za ndani zikalala upande mmoja kama nywele zilizosukwa. Sebit alilikata chini, akalizungusha kwenye miti miwili iliyosimama pamoja, akampa Nyandeng mkia. "Pitisha chini. Vuta. Sokota tena. Sasa chomeka." Nyandeng alichomeka, kisha akaitikisa ile miti kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Haikuachana.

Alikwenda kutafuta chipukizi jingine.

Kufikia siku ya saba viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu, na siku ya nane vilipasuka. Alivifunga kwa vitambaa akaenda Malakia kuuza chai, kwa maana uzio hauliwi. Mteja wake wa kila siku, karani mmoja mpole, alipokea gilasi, akaona vitambaa vyenye madoa, akairudisha kwenye meza taratibu.

"Mikono ina nini?"

"Kazi tu."

"Pole," alisema, akaacha chai ikiwa imejaa na kwenda kwa mama wa meza ya pili. Wengine wawili walimfuata. Siku ile Nyandeng alirudi na maziwa yaliyochacha.

Lakini uzio ulipanda. Nguzo zilisimama mbili mbili kama pacha, na katikati yake fito zililazwa mshazari, moja juu ya nyingine, kila hatua ikashikwa na kitanzi cha mkole. Hapakuwa na waya wala msumari popote. Sebit alishikilia kwa mabega na magoti, Poni alikata, Nyandeng alifunga. Watu walisimama njiani kutazama. Wengine walisema ni zeriba, zizi la mbuzi. Scovia alikuja, akaning'inia kwenye ufito mmoja kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mdogo, akateremka na kusema, "Heh." Siku ya kumi na mbili majirani wawili waliwasaidia kubeba fito za mwisho kutoka mkondoni.

Siku ya kumi na tatu Nyandeng alifunga kitanzi cha kona, na mwisho wa uzio akaufunga kwenye nguzo ya kibanda chenyewe ili ukae imara. Mumewe alipita akiminya kila kifundo kwa kidole gumba, akimaliza upande mmoja anaanza mwingine. Jioni alipokula aliongea, kwa mara ya kwanza, kuhusu theluji.

* * *

Afisa wa viwanja aliitwa Swaka. Alikuja siku ya kumi na nne, saa nne asubuhi, na vijana wawili wenye nyundo, na nyuma yao pikapu nyeupe ya Majur, yenye dereva tu ndani.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Uzio," Nyandeng alisema.

"Wa mbuzi?"

Watu waliokuwa wamejaa njiani walicheka. Swaka alitoa karatasi yake, akaipiga kwa ukucha. "Kanuni za ofisi zinasema uzio wa kudumu. Wa kudumu ni matofali, au bati. Hii ni kuni."

"Karatasi iliyobandikwa hapa haikusema wa kudumu," alisema Poni.

"Ya mara, we mwanamke, mwambie mtoto wako anyamaze."

Sebit alisogea mbele. Alikuwa amevaa shati lake zuri, lile alilosafiria. "Afande, mahali nilijifunza, uzio kama huu iko nakaa miaka sitini. Jaribu. Sukuma."

Swaka hakusukuma. Alimtazama kuanzia viatuni, akatua kwenye vidole.

"Kama huko ni kuzuri hivyo," alisema, "mbona wamekurudisha?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa zaidi. Walicheka hata wale majirani wawili waliobeba fito. Nyandeng hakucheka, lakini alitazama chini, na alipoinua macho aliona mumewe amemwona akitazama chini.

Vijana walipiga nyundo kwenye nguzo ya kwanza. Nyundo zilirudi. Walipiga mpaka wakachoka, na kicheko kikaanza kuwageukia wao. Swaka akaita pikapu. Wakafunga mnyororo kwenye nguzo ya kona, dereva akaingiza gia, magurudumu yakachimba vumbi. Kwa muda mfupi ilionekana kama uzio ungelishinda gari. Kisha nguzo ya kwanza iling'oka na udongo wake, ya pili ikafuata, ya tatu, na kwa kuwa hakuna kitanzi hata kimoja kilichokubali kukatika, uzio mzima uliondoka ardhini kama mkeka unaovutwa na mtu mmoja.

"Kata kule mwisho!" Nyandeng alipiga kelele. "Umefungwa kwenye nyumba!"

Hakuna aliyekuwa na panga karibu. Sebit alirukia fito za mwisho akazikumbatia, miguu ikikwaruza chini, kana kwamba uzito wa mtu mmoja ungemrudisha dereva nyuma. Nguzo ya kibanda ililia, ikang'oka, na nusu ya paa ikashuka juu ya vitanda vyao. Pikapu ilimburuta Sebit mpaka katikati ya njia kabla mtu hajagonga kioo cha dereva.

Alipogeuzwa alikuwa hai. Alikuwa anashika ubavu, mdomo umejaa mchanga. Swaka aliandika kitu kwenye karatasi yake, akamwambia Nyandeng, "Malesh, poleni. Kalas, imekwisha. Mna mpaka kesho kutoa vyombo."

* * *

Ni Scovia aliyewachukua. Alisafisha kibaraza cha ubavuni mwa kioski, akaning'iniza turubai, akasema, "Kaa hapa. Lakini chai yako usiuze mbele ya kioski yangu." Sebit alilala pale na mbavu mbili zilizovunjika. Kwenye zahanati walimfunga bandeji na kumwambia apumzike, neno lililomfanya ageukie ukutani.

Nyandeng alikwenda ofisini mara tatu na karatasi ya kiwanja. Mara ya kwanza mhusika alikuwa kwenye mkutano. Mara ya pili aliambiwa karatasi iko kwa jina la mwanamume, mwanamume aje mwenyewe. Mara ya tatu walikwenda wote wawili, Sebit akitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, na wakaambiwa faili haionekani.

Kwenye kiwanja matofali yalikwisha kushushwa. Kutoka kibarazani waliona kila kitu: msingi, kuta, paa la nyasi.

Wiki ya tano Majur mwenyewe alisimamisha gari mbele ya Nyandeng, alipokuwa akitoka kisimani na dumu. Hakuzima injini. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye adabu.

"Mama, wewe ndiye uliyefunga ule uzio wa fito?"

"Ndiyo."

"Gari langu lilivuta mpaka klachi ikanuka. Sijaona kitu kama hicho." Aliangalia kuelekea kiwanjani. "Hapa ninafungua mahali pa kula. Watakuja makhawaja, wazungu wa mashirika. Hawataki kuona bati, wanataka vitu vya asili. Nifungie kama ule, pande zote nne. Nitakulipa kwa siku."

"Ofisi ilisema ile ni kuni."

"Ofisi nitaongea nayo."

Akataja malipo. Yalizidi kidogo mapato ya chai. Nyandeng alitaja zaidi. Majur alitabasamu, akashika gia, na gari likaanza kusogea, hatua moja, hatua mbili.

"Sawa," Nyandeng alisema.

Gari halikusimama, na hakujua kama amesikia. Ilimbidi aweke dumu chini, akimbie kando ya dirisha, aseme tena. "Nimesema sawa!"

Hakumwambia Sebit. Alisema amepata kibarua cha kufua nguo; siku mbili za kwanza kazi ilikuwa ya kukata na kusokota mkondoni, isiyoonekana kutoka kibarazani. Lakini jioni ya siku ya pili alipoinama kumpa maji, Sebit alivuta pumzi, akamshika kiganja, akakinusa.

"Mkole," alisema.

Akauachia mkono. Hakumsemesha siku nne. Chakula alikula, kwa maana hakukuwa na chakula kingine isipokuwa kile cha Majur. Poni alikuwa akienda na mama yake kukata. Siku moja, wakiwa mkondoni, aliuliza, "Mama, na sisi tukikataa?"

"Atatafuta mwingine."

"Hakuna mwingine anayejua."

Nyandeng alisokota chipukizi lake mpaka chini. "Basi watakula bila uzio," alisema, "na sisi tutalala bila kula. Kata hilo hapo."

Swaka alipita siku moja kunywa soda na Majur. Alisimama mbele ya uzio uliokuwa umefika nusu, akapitisha mkono juu ya fito. "Safi kabisa," alisema, "hii ni kazi ya mikono." Nyandeng alikuwa amepiga magoti chini yake, kitanzi mdomoni. Swaka alipita akiiruka miguu yake.

* * *

Siku ya kumi ya kazi lilibaki lango tu. Ilikuwa mchana, mawingu yamejaa upande wa mto. Poni alikuwa mkondoni. Nyandeng alisikia hatua fupi fupi na fimbo ikigonga chini, akajua bila kugeuka.

Sebit alianzia kona ya mbali. Alitembea kando ya uzio akiegemea fimbo, akiminya kila kifundo kwa kidole gumba kama alivyofanya kwao. Alizunguka pande tatu, na Nyandeng akaendelea kufunga. Alipofika langoni, Sebit aliminya kifundo cha kwanza, akasimama. Akaminya cha pili. Akainama kwa shida, akaangalia cha chini kabisa.

"Hizi kamba sita," alisema. "Umesokota nusu tu. Ndani iko nzima."

Nyandeng aliendelea kuvuta mkia wa kitanzi.

"Wewe unajua kazi. Haya si makosa."

"Si makosa," alisema Nyandeng. Akafuta jasho kwa kifundo cha mkono. "Mvua kubwa ikija, zitafunguka. Lango litaanguka. Nataka liwaangukie wakiwa wanakula, Sebit. Nataka limwangukie yeye."

Sebit alitazama meza mpya za mbao zilizopangwa mahali palipokuwa na kitanda chao. Akaminya tena kitanzi cha kwanza, na Nyandeng alidhani amekubali.

"Likianguka," alisema mwishowe, "Majur atasema kazi ya mama yule ni mbaya. Atawaambia wenzake. Hakuna mtu atakuita tena." Alipumua akishika ubavu. "Scovia anataka kibaraza chake. Poni ana mtihani. Mimi siwezi kubeba kitu. Hii mikono yako ndiyo iko natulisha, Mama Poni. Hata mimi nilitaka lianguke. Lakini hatuna nafasi ya kufunga vibaya."

Nyandeng alibaki amepiga magoti. Machozi yalimtoka, si mengi, akayaacha. Kutoka ndani, mpishi wa Majur alikuwa akijaribu redio mpya, akitafuta stesheni.

Kisha alichukua kisu, akakata kitanzi cha kwanza, na cha pili, mpaka vyote sita vikaanguka miguuni. Lango likalegea. Sebit aliweka fimbo chini, akaingiza bega lake zima chini ya ufito wa juu, akaushikilia mahali pake kwa mgongo, macho yamefumba kwa maumivu.

"Haraka kidogo," alisema.

Nyandeng alichagua chipukizi refu kutoka kwenye rundo, akaanza kulisokota kutoka kwenye ncha.